Uzi wa Chini wa Ambrož

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeamua. Ambrož atasikika.

Ambrož ni besi wa shule yetu ya muziki, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Ni mzee kuliko shule yenyewe. Ananipita kimo kwa kichwa na shingo. Ana ufa mgongoni na harufu ya kabati la zamani. Nampenda sana. Tatizo ni uzi wake wa chini kuliko zote, uzi wa E. Mwezi uliopita alikuja Bi Kalinová, kiongozi wa okestra ya vijana ya wilaya, kutusikiliza. Alisema mkono wangu ni mzuri, unaonekana umefundishwa. Kisha akauliza, kwa upole mkubwa, kama kuna ng'ombe mgonjwa uani.

Hakukuwa na ng'ombe. Ilikuwa E.

Okestra ina nafasi moja tu ya besi. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Zdislava. Bi Kalinová atarudi Jumamosi ya wiki ijayo kuchagua. Zdislava ana besi yake mwenyewe, ndefu kama mlango wa kanisa, na baba yake amemnunulia nyuzi mpya, zote nne za pakiti moja, zinazong'aa kama vijiko vya Krismasi. Zdislava si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mwalimu Hrubeš ameahidi kunisaidia kuchagua nyuzi. Anasema nyuzi nne za besi ni kama watu wanne wanaoteremsha kabati kwenye ngazi: haisaidii kuwa na mmoja mwenye nguvu kama wenzake wanaumia. Kwa hiyo wapiga besi huchanganya. Uzi huu wa aina hii, ule wa aina ile. Lakini unabadilisha mmoja tu, unaishi nao wiki nzima kama mgeni, ndipo unabadilisha mwingine.

Nimeyaandika yote kwa mwandiko mzuri. Ni maneno ya hekima. Ila wiki nzima kwa kila uzi! Jumamosi haisubiri wageni.


Jumanne, 4 Februari

Mwalimu huwa anashuka kwa mtunza shule kunywa chai ya maua ya mkwaju... hapana, ya maua ya mlindeni, ule mti wa uani, nimechanganyikiwa kwa furaha. Nilibaki juu "kufanya mazoezi". Stoo haikufungwa. Kwenye rafu kuna kopo la biskuti, na ndani yake nyuzi za zamani zimejikunja kama nyoka waliolala.

Kila uzi umezungushiwa hariri ya rangi mwishoni ili mtu ajue ni wa aina gani. Rangi nyingi sizijui. Njano naijua. Njano ni nyuzi za mtu anayepiga peke yake mbele ya watu. Zimetengenezwa zikazwe juu zaidi, na ukizikaza kwa kiwango cha okestra zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu alishasema. Mimi husikiliza. Njano nikaziacha.

Nikachukua mbili nene kuliko zote, nikamvisha Ambrož upande wa chini. Kamba nene, kengele kubwa. Hii ni akili ya kawaida tu.

Vidole vinauma. Nina furaha.


Jumatano, 5 Februari

Mwalimu aliingia na ndara zake za sufu, akasikiliza mistari miwili, akauliza Ambrož amejaza nini mdomoni.

Nikasema labda ni hali ya hewa.

Akasema kweli, hali ya hewa ya mwaka huu ni ya ajabu. Imeingia stoo, imefungua kopo la biskuti, imechagua nyuzi mbili nene na kuacha kifuniko wazi.

Nikanyamaza. Kunyamaza ni nusu ya muziki. Yeye mwenyewe alinifundisha.

Ikabidi nizitoe mbele yake. Alieleza kwamba uzi mnene unavuta kwa nguvu, unaligandamiza daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, daraja linagandamiza ubao wa mbele, na ubao usiopumua hautoi sauti. Ukimkalia mtu kifuani, alisema, usimlaumu kwamba haimbi. Alipoona nimenyong'onyea akanihadithia habari za mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa na uzi wa E wa utumbo. Utumbo wa kweli, wa mnyama. Sauti yake ilikuwa na joto, ilitembea yenyewe hadi mstari wa mwisho wa ukumbi na kuketi karibu na watu.

Alisema siku hizi nyuzi hizo ni adimu sana.

Adimu! Na Jumamosi hii hii, kijijini kwa Mjomba Vendelín wanachinja nguruwe!


Jumamosi, 8 Februari

Kijijini. Baridi kali, moshi, sufuria kubwa uani, mchinjaji amevaa aproni, majirani wanakuja na makopo ya kuchotea supu kama kawaida. Kazi yangu kila mwaka ni kumenya vitunguu saumu. Mwaka huu niliomba kuosha matumbo.

Mjomba aliweka kisu chini. Akawaambia wote kwamba hatimaye shule imeanza kufanya kazi yake, na kwamba mtoto wa mjini akiosha matumbo mwenyewe bila kusukumwa, basi nchi hii haijaisha. Mchinjaji alinipa mkono. Bibi alifuta machozi, ingawa huenda ulikuwa moshi.

Niliosha kwa bidii. Utumbo mmoja, mrefu kuliko Ambrož, uliingia mfukoni mwa koti langu. Baadaye, wote walipokuwa wakionja supu, niliubana ncha moja kwenye jiriwa ya Mjomba na nyingine kwenye keekee yake ya mkono. Nikasokota. Na kusokota. Ukawa mwembamba, mgumu, mzuri! Nimeutundika darini kati ya uyoga mkavu na soksi za sufu za Bibi.

Unanuka. Sanaa yoyote hunuka mwanzoni.


Jumapili, 9 Februari

Siku ya jina langu; kwetu kila jina lina siku yake ya kusherehekewa. Kwenye kalenda imeandikwa Apolena, hata kalenda ya benki.

Bibi alioka keki ya shimo katikati. Kisha ikaja sahani ya soseji za ini, na soseji kubwa kuliko zote ikawekwa mbele yangu. Bibi akasema nimshukuru Mungu kwa soseji hiyo, maana jana utumbo ulipungua, nyama ya kujaza ikabaki kwenye beseni, na yeye akawa amekata tamaa. Leo alfajiri alipanda darini kuchukua uyoga. Akaukuta utumbo mzima unaning'inia! Akamsema mchinjaji kwa sauti ambayo nadhani hata mjini Jihlava walisikia. Mpumbavu gani anasokota utumbo kama kamba ya kufungia ng'ombe? Akaulowesha, akausokotoa, akaujaza.

Wote waliniimbia. Wote walinitazama nile.

Nimekula uzi wangu wa E. Kwa viazi na kabichi chachu.

Nitasema kweli, kwa sababu hii ni shajara: ulikuwa mtamu. Niliomba kipande kingine. Nadhani kilikuwa cha upande wa vigingi, kule juu uzi unakokazwa.


Jumatatu, 10 Februari

Nilimuuliza Mwalimu, kwa ujumla tu, kama utumbo wa nguruwe uliosokotwa kwa keekee na kulala darini usiku mmoja unaweza kufaa.

Akasema nyuzi za besi hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo, tena matumbo mengi kwa uzi mmoja, na wanaozitengeneza hujifunza kazi hiyo miaka. Kisha akauliza kama ulikuwa na marijoramu ya kutosha, yale majani ya kuungia soseji.

Amejuaje?

Akasema hakuna mpiga besi wa vijijini kwetu ambaye hajajaribu. Yeye alijaribu akiwa mdogo kuliko mimi. Wa kwake uliliwa na mbwa, kwa hiyo mimi nimeendelea zaidi.

Akaniambia Alhamisi tutakaa pamoja tuchague uzi mmoja. Mmoja tu, Apolena. Nikaitikia ndiyo, Mwalimu. Nilimaanisha kabisa. Nilimaanisha hata kwenye ngazi.


Jumanne, 11 Februari

Kwenye ngazi alikuwa ameketi Zdislava, anajisugua bega. Akaniambia nyuzi zake mpya ni reli za treni. Ukizibonyeza zinakubonyeza. Bibi yake anampaka mafuta ya nguruwe begani kila jioni na sasa paka anamfuata kila anakokwenda.

Nilimhurumia. Kweli nilimhurumia, karibu dakika nzima. Halafu wazo likaja.

Nyuzi zake si nene, ni mpya. Hilo ni jambo tofauti kabisa na nyuzi za Jumanne iliyopita. Uzi mpya hausemi kama ng'ombe. Na kwenye kopo la biskuti kuna zile za njano, ambazo zingemwacha Zdislava na besi iliyolegea kama kitani cha kitanda.

Nikazichukua stoo, nikamwambia ninazo nyuzi mbili laini sana, za mikono ya kisanii. Abadilishane nami zake mbili za chini. Akauliza mbona ncha zake ni za njano. Nikamwambia njano ndiyo rangi ya ulaini. Akanitazama. Akaitazama njano. Akanitazama tena.

Akasema haya.

Nimepata E mpya na A mpya! Nimeimba njia nzima hadi nyumbani. Dhamiri ilinisumbua kidogo karibu na duka la mikate, nikainunulia kitobosha cha mbegu za popi, ikatulia.


Alhamisi, 13 Februari

Maafa.

Nilifika mapema nikasikia sauti kwenye korido. Sauti nene, tamu, inatembea sakafuni, inapanda miguuni kupitia ndara. Vioo vya kabati la vikombe vilikuwa vinatetemeka. Nikafikiri ni rekodi. Nikafungua mlango.

Zdislava. Na nyuzi zangu za njano!

Mwalimu alikuwa amesimama na kikombe cha chai, mdomo wazi. Alieleza, macho yanamng'aa, kwamba besi ya Zdislava ni ndefu mno, na uzi mlegevu ukivutwa umbali huo unakaza kiasi chake, haulegei wala haubani. Zile reli zilikuwa zinaikaba besi ile koo. Sasa inapumua. Akamuuliza Zdislava nani amemfundisha kuchanganya hivyo, juu njano hakuna, chini njano, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelifikiria!

Zdislava akasema ni Apolena.

Mwalimu alivuka chumba kizima na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema amefundisha miaka mingi na ni mara ya kwanza kuona mwanafunzi akimtafutia mpinzani wake sauti nzuri, siku mbili kabla ya mtihani. Akasema anaona fahari. Akatoa leso.

Nifanye nini? Nikasema hakuna shida.

Kisha akaniomba nipige mimi. Ambrož, na reli mbili tumboni, alitoa sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia.


Ijumaa, 14 Februari

Naandika haraka, mikono inanuka kuni na vumbi.

Niliamua kurudisha nyuzi zangu za zamani kabla Mwalimu hajaja. Zote. Na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, nikalegeza zote nne kwa pamoja. Ni haraka zaidi! Kwa nini watu hutoa mmoja mmoja?

Sasa najua kwa nini. Daraja la besi halijagundishwa. Linasimama kwa sababu nyuzi zinalikandamiza. Likaanguka kama mlevi. Halafu ndani ya Ambrož kukasikika ka! na kitu kikaviringika. Ni kile kijiti kinachosimama ndani kati ya tumbo na mgongo, ambacho mafundi wa kwetu wanakiita roho. Nacho kinashikiliwa na uzito wa nyuzi tu.

Nimeangusha roho ya Ambrož. Nikaketi sakafuni nikamkumbatia.

Zdislava aliingia kutoka chumba cha pili kwa sababu ya kishindo. Alitutazama, mimi na Ambrož na nyuzi shingoni mwangu kama mkufu. Alicheka hadi akaketi naye. Kisha akasema: "Wewe mwizi wewe, hata kuiba hujui."

Nikasema sikuiba, tulibadilishana.

Akasema njano kila mtu anaijua. Hata baba yake anaijua, na yeye anauza matairi! Alijua namchezea, lakini bega lilikuwa linamuuma kiasi cha kukubali hata kamba ya viatu. Zilipoimba alishangaa kuliko mimi.

Akaenda kumwita Mwalimu.

Mwalimu hakugomba. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alilala kifudifudi juu ya zulia, tochi mdomoni, akaingiza chuma chake kilichopinda kwenye tundu la kifuani na kuvua kijiti kama mtu anayevua samaki chini ya barafu. Alikisimamisha. Kikaanguka. Akakisimamisha. Zdislava alishika daraja, mimi nilishika pumzi.

Kisha akaniuliza nataka nyuzi gani.

Nikasema sijui, Mwalimu.

Akasema hilo ndilo jibu la kwanza la maana tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Tukaanza. G ya zamani, D ya zamani, mmoja mmoja, tukisikiliza. E ya zamani, ile ya ng'ombe. Tukabaki na A. Akaishika A ya zamani ya Ambrož, akaipima mkononi, akakunja uso. Ilikuwa nzito ajabu. Nani aliiweka, mwaka gani, hakuna ajuaye. Zdislava akalegeza A yake ya njano bila kuambiwa, akanitupia. Akasema nichukue, yeye arudishiwe A yake tu, bega lake linaweza kuvumilia reli moja, na E ya njano haitoi hata akipewa dubu.

Tukaiweka ile njano kwa Ambrož. Nikavuta upinde kwenye E.

E ile ile! Nzee, haikubadilishwa! Ikafunguka kama mlango wa ghala. Kumbe haikuwa inaumwa. Jirani yake alikuwa anaikalia.

Ambrož alimalizia mwenyewe, polepole.


Jumamosi, 15 Februari

Bi Kalinová alikuja na kofia ya manyoya na theluji mabegani. Aliketi mstari wa mwisho kabisa ili asikie kinachofika huko.

Nilitangulia. Nilipofika kwenye E nilifumba macho. Ilitoka, ikaenda, ikafika. Nilimsikia Bi Kalinová akisema peke yake kwamba ng'ombe amepona, Mungu asifiwe. Sijawahi kupiga vizuri hivyo.

Kisha akapiga Zdislava.

Nitaandika ukweli. Zdislava alipiga vizuri zaidi. Besi ile ndefu na E yake ya njano, niliyompa mimi kwa mkono wangu na kwa nia mbaya, ilijaza ukumbi hadi kwenye mapazia. Bi Kalinová alivua kofia.

Nafasi ni ya Zdislava.

Lakini! Bi Kalinová aliniita kando. Akasema wa kwangu amepona, wa mwenzangu anaimba, na kwamba hajui tumefanya nini lakini besi zetu sasa zina sauti za ndugu. Akasema nafasi ni moja, ila viti havijawahi kumshinda. Atachukua kimoja jikoni. Nitakaa upande wa ndani, nitageuza kurasa, nitapiga pale penye kelele nyingi, na mwakani tutaona.

Nikamuuliza penye kelele ni pengi? Akasema kwenye okestra ya vijana ni karibu kila mahali.

Zdislava alinikumbatia. Ananuka mafuta ya nguruwe. Mwalimu alitununulia soda ya kofola na kutuambia tuyaangalie yale yaliyotupata wiki hizi mbili na tujiulize yametufundisha nini.


Jumapili, 16 Februari

Nimejiuliza asubuhi nzima, kwa makini, kama nilivyofundishwa.

Jibu nimelipata. Nimetambua kwamba nina kipaji. Mwalimu mwenyewe alisema asingelifikiria mchanganyiko ule. Zdislava aliteseka, nikamgusa, akapona. Ambrož aliteseka, nikamgusa, akapona. Kati hapo mambo machache yalianguka, lakini mambo huanguka. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikuwa nafikiria nafsi yangu. Ningewafikiria wengine tangu mwanzo, yote yangekwenda sawa.

Kwa hiyo kuanzia sasa nitawafikiria wengine.

Jana jioni, Bi Kalinová aliponipeleka kwenye ukumbi wa okestra nikakipime kiti changu cha jikoni, niliwaona wapiga chelo wa okestra. Wa mbele ni kijana anayeitwa Leopold, mpole, ana tabasamu. Chelo yake, fidla ya kupigwa kwa kuketi, ina nyuzi nne, zote za rangi moja. Pakiti moja! Wa pembeni yake vilevile, na wa nyuma yake. Maskini, wote sita. Hawajui hata wanavyoteseka. Wanapiga tu, wanatabasamu, na vifua vimekaliwa.

Chelo wanaziacha ukumbini wakienda kunywa chai. Nimeuliza.

Mazoezi ya kwanza ni Jumatano. Mimi chai sinywi sana.